Maumivu ya Mgongo ya Siku Nyingi: Njia za Kuyatuliza Pasipo Dawa za Kulevya

Katika somo la mwezi huu twataka kuzungumza juu ya adui mmoja wa mkulima asiyeonekana kwa macho, wala hanyunyiziwi dawa shambani kama wadudu. Adui huyo ni maumivu ya mgongo na kiuno yakaayo miezi, na pengine miaka. Mifano yetu twaitoa Jomvu Kuu, katika bara ya Mombasa, kwa sababu kazi za mahali hapo karibu zote ni kazi za mgongo. Lakini mafunzo yenyewe yawafaa wakulima wa kila mahali.

Jomvu Kuu ni mji wa kale wa Wajomvu, mojawapo ya Mataifa Kumi na Mawili ya Waswahili wa Mombasa, nao uko kando ya mkono wa bahari wa Tudor, penye mikoko. Mtu wa huko hulima mihogo, mahindi na kunde. Maji yakipwa hushuka pwani kutafuta kaa na kamba. Wengine huenda bandarini Kilindini au viwandani Changamwe kupakia na kupakua magunia. Kina mama huteka maji, huchanja kuni, na kupalilia wakiwa wameinama tangu asubuhi. Basi si ajabu jioni kumwona mtu ameshika kiuno akitafuta mahali pa kuketi.

Jambo lililotufanya tuandike somo hili ni kwamba watu wengi wakichoshwa na maumivu hukimbilia vidonge vya jamii ya kasumba, kama vile tramadoli na kodeni. Siku za kwanza huona nafuu na kurudi shambani wakishukuru. Baadaye kidonge kimoja hakitoshi, vyataka kuwa viwili, kisha vitatu. Na mwisho mtu hana mgongo wala hana fedha, bali ana mabwana wawili: maumivu na kidonge. Twataka kila msomaji ajue kwamba ziko njia nyingine, nazo nyingi ni rahisi na zimethibitishwa na waganga.

1. Mgongo ulivyoumbwa

Uti wa mgongo una pingili 33. Saba ni za shingo, 12 za kifuani, tano za kiunoni. Zilizobaki, yaani tano za nyuma ya nyonga na nne za kifandugu, kwa mtu mzima zimeungana. Kati ya pingili zile zinazocheza mna visahani vya gegedu vinavyozuia mifupa isisagane. Kandokando ya pingili mna misuli na mishipa minene iliyofunga uti usimame, kama kamba zinavyoshika mlingoti wa jahazi. Kamba zikilegea mlingoti huyumba. Hali kadhalika misuli isiyotumiwa hulegea, na mgongo hukosa wa kuushika.

Maumivu mapya, mathalan baada ya kuinua mzigo vibaya, kwa watu wengi hupungua sana katika majuma machache. Yakipita miezi mitatu, waganga huyaita maumivu ya siku nyingi. Hapa pana jambo ambalo kila mgonjwa yampasa alijue. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila watu 10 wenye maumivu haya ya kiuno, tisa au zaidi hawana ugonjwa wala jeraha maalum liwezalo kuonyeshwa kuwa ndilo sababu. Maana yake si kwamba wanasingizia. Maumivu yao ni ya kweli, ila chanzo chake si mfupa uliovunjika.

Tuchukue mfano wa mlinzi wa shamba la mahindi. Kazi yake ni kupiga debe ngedere wakija. Kama ngedere wamemsumbua mno, hata wakiisha kuondoka mlinzi huyu hana raha. Jani likitikisika apiga debe, upepo ukivuma apiga debe. Ndivyo zilivyo neva za mtu aliyeumwa muda mrefu. Jeraha limekwisha pona, lakini neva zingali zikipiga debe. Kumlevya mlinzi kwa kasumba si dawa, kwa maana atakapozinduka atapiga debe kwa nguvu zaidi. Dawa ni kumzoeza tena, polepole, mpaka ajue kuwa jani ni jani.

2. Dalili ambazo hazingoji

Kabla ya kujitibu nyumbani, hapana budi kujihakikisha kwamba maumivu yako si yale ya hatari. Ukiona mojawapo ya dalili hizi, usingoje, nenda hospitali:

(a) Mguu mmoja au yote miwili kuwa dhaifu, au ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani. Kushindwa kukojoa, au kushindwa kuzuia mkojo au choo. Hili ni jambo la saa, si la siku.

(b) Homa, kutoka jasho jingi usiku, kukonda pasipo sababu. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Huweza kula pingili za mgongo. Tena wafugaji wanywao maziwa yasiyochemshwa huweza kupata bruselosi, ambayo huleta homa za mara kwa mara pamoja na maumivu ya mgongo na viungo.

(c) Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka, mathalan kutoka juu ya mnazi au mwembe.

(d) Maumivu yasiyopungua hata ukilala, hasa kwa mzee, au kwa mtu aliyepata kuugua saratani.

(e) Maumivu ya mgongo kwa mama mjamzito pamoja na kutokwa na damu, homa, au tumbo kukaza.

Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wapatikana sana huku pwani, naye asifuate somo hili peke yake. Maumivu yake yana chanzo kingine, na pengine daktari atampa dawa kali kwa haki kabisa.

Watu wa Jomvu Kuu wanayo zahanati yao karibu, wanayo Hospitali ya Port Reitz huko Changamwe, na ng'ambo, kisiwani Mombasa, ipo Hospitali Kuu ya Pwani yenye idara ya fiziotherapia, yaani utabibu wa viungo kwa mazoezi. Tena mwaka 2023 Serikali ya Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima. Huyo wa mtaani kwako mwulize. Kazi yake ni kukuelekeza.

3. Kwa nini tusitegemee dawa za jamii ya kasumba

Hatusemi kwamba mofini na ndugu zake hazina kazi. Mtu aliyepasuliwa au mwenye saratani huzihitaji, na kumnyima ni ukatili. Twasema kwamba kwa mgongo unaouma miezi na miaka, hasara yake ni kubwa kuliko faida.

Jambo hili limepimwa. Huko Minneapolis, Marekani, wagonjwa 240 wa mgongo, nyonga na magoti waliokuwa wakihudumiwa katika zahanati za askari wastaafu waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa dawa za jamii ya kasumba, la pili likapewa dawa nyingine za kawaida. Baada ya miezi 12 fungu la kasumba halikuweza kufanya kazi kuliko wenzao, maumivu yao yalikuwa makubwa kidogo, na madhara ya dawa yalikuwa mengi zaidi. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2018. Na mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya maumivu ya kiuno ya siku nyingi, likashauri kwamba dawa hizo zisitumiwe kwa ugonjwa huu kama desturi.

Madhara yenyewe ni haya: kufunga choo, kusinzia, kichefuchefu, na kizunguzungu kiwezacho kumwangusha mtu mwenye panga mkononi. Tramadoli yaweza kuleta kifafa. Ikichanganywa na tembo la mnazi, pombe nyingine, au vidonge vya usingizi, mtu aweza kulala na pumzi ikakatika. Tena mwili huizoea dawa, nayo yataka kuongezwa. Na kwa watu wengine dawa yenyewe huzidisha uchungu badala ya kuupunguza.

Hebu fanya hesabu. Vidonge viwili kwa siku ni 60 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 730. Zidisha kwa bei ya kidonge kimoja mahali ununuapo. Fedha hizo zingenunua jembe jipya, mbegu za msimu, na pengine toroli la kubebea mazao.

Kama umekwisha kuzitumia dawa hizi kwa majuma mengi, usiziache ghafula. Mwili uliozoea utatetemeka, utatoka jasho, utaharisha, na maumivu yatazidi. Nenda kwa daktari umweleze kweli yote, naye atazipunguza kidogo kidogo. Hapana aibu katika jambo hili. Wengi walianza kwa kutafuta nguvu za kulima tu.

4. Mwendo ndio dawa ya kwanza

Wazee wetu husema dawa ya moto ni moto. Nasi twasema, dawa ya mgongo uliokwama ni mwendo. Zamani mgonjwa wa kiuno aliambiwa alale majuma mawili. Leo yajulikana kwamba kulala sana hulegeza misuli na kukawiza kupona. Maumivu yakiwa makali pumzika siku moja au mbili, kisha inuka.

*Kutembea.* Watu 701 huko Australia ambao mgongo ulikuwa umetoka kuwauma ukapoa walifanyiwa majaribio. Baadhi yao walifundishwa kutembea, wakiongeza muda kidogo kidogo mpaka dakika 30, mara tano kwa juma. Wengine waliachwa kama walivyo. Katika wale waliotembea, nusu walikaa siku 208 au zaidi kabla maumivu hayajawarudia. Katika wale wengine ilikuwa siku 112. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2024. Dawa hii haina bei, ila yataka kufuatwa.

Labda utasema, "Mimi mkulima natembea kutwa, nitembee tena?" Kutembea na mzigo kichwani, au kusogea tuta kwa tuta umeinama, si huku tunakokusema. Twataka mwendo wa mikono mitupu, kifua wazi, kwa hatua za haraka kidogo.

*Mazoezi ya mkekani.* Fanya asubuhi kabla ya kazi, au jioni kabla ya kuoga:

Zoezi la kwanza, goti kifuani. Lala chali. Shika goti moja kwa mikono miwili, ulivute kifuani polepole. Hesabu mpaka 10, lirudishe. Mara 5 kila mguu.

Zoezi la pili, daraja. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Inua makalio mpaka mabega, nyonga na magoti viwe mstari mmoja. Hesabu mpaka 5, shuka taratibu. Mara 10.

Zoezi la tatu, paka. Piga magoti, weka viganja chini. Pandisha mgongo kama paka aliyetishwa, kisha ushushe polepole. Mara 10.

Zoezi la nne, mkono na mguu. Ukiwa vile vile kama paka, nyosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma. Hesabu mpaka 5, kisha badili. Mara 5 kila upande.

Zoezi la tano ni la shambani. Kila ukimaliza tuta simama wima, weka mikono kiunoni, jipinde nyuma kidogo. Mara 5.

Mazoezi haya yakikuuma kidogo usiogope. Neva zako zapiga debe kwa mazoea. Lakini kama maumivu yameongezeka sana na asubuhi ya pili hayajatulia, punguza hesabu kwa nusu. Ukipata ganzi au udhaifu wa mguu, acha, ukamwone tabibu.

Mwenye kuswali ambaye rukuu na sujudu zamtesa anayo ruhusa ya dini kuswali ameketi mpaka apate nafuu. Wala asidhani kwamba kuinama kule kutaharibu mgongo wake. Siku akiweza, na arudi taratibu.

5. Joto, kukandwa, na dawa nyepesi

Kitambaa kilichochovywa katika maji moto kikakamuliwa, au chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kanga, kikiwekwa kiunoni kwa dakika 15 au 20 hulegeza misuli iliyokaza. Pima joto kwanza kwa mkono. Wenye kisukari waangalie sana, kwa kuwa ngozi yao yaweza kuungua wasijue.

Kukandwa nako kumo katika mambo ambayo Shirika la Afya Duniani laruhusu, na pwani yetu haikosi wakandaji wajuao kazi kwa mafuta ya nazi au ya simsim. Kukanda kuzuri ni kule kunakomfanya mtu ainuke na kutembea. Mkandaji asikukanyage mgongo wala kuupindua kwa nguvu, na mtu mwenye zile dalili za hatari asikandwe hata kidogo. Iko na dawa ya kupaka iliyotengenezwa kwa pilipili, nayo husaidia baadhi ya watu; ila inunuliwe kwa mfamasia. Usitwange pilipili kichaa ukajipaka, maana utaunguza ngozi na macho.

Dawa za kumeza kama ibuprofeni na diklofenaki si za kulevya, na zaweza kusaidia kwa siku chache ili mtu aanze mazoezi. Zimeze baada ya kula, kwa kipimo ulichopewa. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, wa moyo, au shinikizo la damu, na mama mjamzito, wasizimeze bila ya kumwuliza daktari. Usinunue vidonge vilivyofungwa katika karatasi visivyo na jina, wala "mitishamba" iponyayo kwa usiku mmoja. Katika nchi nyingi zimepatikana dawa za namna hiyo zilizotiwa kwa siri dawa kali za hospitali.

Mambo mengine yapunguzie gharama. Mikanda ya kiuno na mashine za kuvuta uti, mwongozo ule wa 2023 haukuzikubali kuwa tiba ya desturi kwa maumivu haya. Hata picha ya eksirei haihitajiwi na kila mtu. Picha ya mgongo wa mtu mzima huonyesha mara nyingi visahani vilivyochakaa, hata kwa mtu asiyeumwa kabisa, kama mvi zionekanavyo kichwani. Mgonjwa akiisha kuiona huogopa kuinama, na hofu ile humzidishia.

6. Tengeneza kazi, usiutengeneze mgongo peke yake

Ukifanya mazoezi asubuhi kisha ukarudi kazini vile vile, ni kama kukinga maji kwa pakacha. Yafaa kazi nayo ibadilike.

*Jembe.* Huko California, Marekani, wakulima wa mboga waliwapa vibarua majembe yenye mpini mfupi, nao wakapalilia wameinama kutwa mpaka migongo ikaharibika. Vibarua walilalamika, kesi ikafika mahakamani, na mwaka 1975 majembe yale yakapigwa marufuku. Wewe usingoje marufuku. Simamisha jembe lako kando yako. Kama mpini hauufikii kiuno, tafuta mpini mwingine. Kwa palizi tumia jembe jepesi lenye mpini mrefu zaidi.

*Palizi.* Magugu madogo huondoka kwa kukwaruzwa, makubwa hutaka kung'olewa. Kwa hiyo palilia mapema. Panda kwa mistari, panda kunde katikati ya mahindi zifunike ardhi, na tandaza majani makavu. Kila gugu lisiloota ni kuinama kumoja kumepungua.

*Maji.* Mtungi wa plastiki wa lita 20 una uzito wa kilo 20 na zaidi. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Nairobi na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu, Wajaluo wakibeba kichwani na Wakikuyu kwa ukanda wa kipajini. Waliona kwamba mwanamke aliyezoea aweza kubeba mzigo wa sehemu moja katika tano ya uzito wake pasipo mwili kutumia nguvu zaidi. Mzigo ukipita hapo, nguvu huongezeka. Uchunguzi ule haukupima maumivu ya mgongo, lakini watupa kipimo chema. Mama wa kilo 60, sehemu moja katika tano ni kilo 12. Basi mtungi uliojaa ni karibu mara mbili ya kipimo hicho. Mwenye kuumwa na abebe mtungi wa lita 10 kwa safari mbili, au mitungi ipakiwe kwenye mkokoteni. Na wanaume wa nyumbani wasione haya kuisukuma mikokoteni hiyo. Mgongo wa mama ukianguka, nyumba nzima imeanguka.

*Magunia.* Gunia la mahindi la desturi ya Kenya ni kilo 90. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kwamba mwanamume mmoja asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamke mzigo uwe mwepesi zaidi. Kwa hiyo gunia la kilo 90 si mzigo wa mtu mmoja, hata akiwa kijana mwenye kifua. Wakiwa wawili, kila mmoja apata kilo 45. Afadhali zaidi ni kufunga magunia ya kilo 50 au chini yake, na kutumia toroli.

*Kuinua.* Tanua miguu, kunja magoti, ulete mzigo karibu na tumbo ndipo uinuke. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, si kiuno. Mzigo wa kilo 20 ulio nusu mita mbele ya mgongo huulemea mara mbili ya mzigo huo huo ukiwa robo mita.

*Kubadili.* Usifanye kazi moja ya kuinama kwa saa nzima. Palilia nusu saa, kisha fanya kazi ya kusimama, kama kufunga ua, baadaye rudi.

7. Usingizi na mawazo

Mtu asiyelala huumwa zaidi, na mwenye kuumwa hakosi mawazo: "Mgongo wangu umekwisha. Watoto watakula nini?" Mawazo hayo huwafanya wale walinzi wa neva wapige debe usiku kucha. Katika mwongozo wake Shirika la Afya Duniani laliweka jambo hili pamoja na mazoezi, si nyuma yake: mgonjwa asaidiwe kuifahamu hofu yake na kuirekebisha. Zungumza na mhudumu wa afya, au na mtu unayemwamini. Lala kwa ubavu na mto kati ya magoti, au chali na mto chini ya magoti. Godoro lililobonyea kama machela litandikie mbao.

Watu wa nyumbani nao wana kazi. Wasimwite mvivu, wala wasimfanye yai la kufungiwa kabatini. Wampe kazi aiwezayo, na kumwongezea kadiri apatavyo nguvu.

8. Mpango wa majuma manane

Juma la 1 na la 2: tembea dakika 5 mpaka 10 kila siku, mazoezi mawili ya kwanza tu.

Juma la 3 na la 4: dakika 15, ongeza zoezi la paka.

Juma la 5 na la 6: dakika 20, mazoezi yote matano.

Juma la 7 na la 8: dakika 30, siku tano kwa juma, na usiache tena.

Chukua daftari la mtoto wa shule. Kila jioni andika mambo matatu: umetembea dakika ngapi, umepalilia matuta mangapi, umeamka mara ngapi usiku. Usiandike maumivu peke yake, kwa sababu maumivu hupanda na kushuka kama maji ya bahari, na siku ya bamvua utakata tamaa bure. Lipime jambo hili kwa kazi. Aliyeweza matuta mawili Januari, na Machi aweza matano, huyo anapona hata kama kiuno kingali kikimsumbua. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya majuma manane, kama hapana badiliko lolote, lichukue daftari hilo kwa tabibu, litamwambia mengi.

Maswali ya kujipima

1. Maumivu ya mgongo huitwa ya siku nyingi yakipita muda gani?

2. Taja dalili tatu zinazompasa mtu kwenda hospitali bila ya kungoja.

3. Mtu aliyezoea tramadoli kwa miezi afanyeje ili aiache?

4. Mama mwenye uzito wa kilo 55 ana mtungi wa lita 20. Sehemu moja katika tano ya uzito wake ni kilo ngapi? Ungemshauri nini?

5. Pima mpini wa jembe lako leo. Je, waufikia kiuno?

Wasomaji wajibu maswali haya pamoja, katika vikundi vyao vya wakulima au barazani. Na jirani asiyejua kusoma, mwenye kuficha vidonge mfukoni na kusema hajambo, asomewe somo hili taratibu na mtu anayemheshimu.